Ila ya Kisiwa cha Nyuma

Mkiniuliza habari za nchi yetu, nitawajibu kwamba ni njema. Nitawajibu hivyo hata mkinikuta nimekaa juu ya bati la nyumba yangu na nyumba yenyewe imeshachukuliwa na maji. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu mtu huulizwa habari, akajibu njema, akavuta pumzi, kisha akasema ila. Njema, ila mama amelazwa. Njema, ila jana tumezika. Mgeni anaweza kudhani tunadanganya, na hatudanganyi hata kidogo. Neno la kwanza ni la adabu, la pili ndilo lenye habari, na kila mtu kwetu anajua kulisubiri la pili. Serikali peke yake ndiyo yenye haraka.

Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. Naam, naogopa, lakini pia limebadilishwa mara mbili mwaka huu na sina hakika na lililopo. Inatosha mjue kwamba ina bahari upande mmoja na viongozi upande wa pili, na sisi tuko katikati.

*

Bahari hiyo ilikuwa ikitazamwa na idara tano. Bandari waliipima kwa futi, kwa kuwa nguzo yao ya kipimo iliachwa na wakoloni. Uvuvi waliipima kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili ya mtu iliyonyooshwa, na mtu mwenyewe alikuwa mkurugenzi, kwa hiyo kila alipobadilishwa mkurugenzi bahari ilipanda au ilishuka. Hali ya Hewa walitumia mita. Jeshi la Majini walikuwa na kipimo cha siri, na kila walipoulizwa kina cha maji walijibu kwamba kinatosha. Utalii walihesabu miavuli ya ufukweni. Ikiwa mingi, waliandika kwamba bahari ni nzuri.

Ikaonekana ni aibu taifa moja kuwa na bahari tano. Mtukufu Rais akaagiza ijengwe njia moja ya kuitazama, ndipo ikaundwa Ofisi Kuu ya Kuoanisha Utazamaji wa Bahari. Mimi, Faki Machano, ni karani wake wa redio, daraja la tisa. Madaraja yetu yanaanzia juu, la kwanza ndilo kubwa, kwa hiyo msinipongeze.

Wakurugenzi watano walikaa vikao miaka sita. Mwaka wa kwanza walikubaliana kuwa na maboya sita, moja kwa kila idara na la sita kwa heshima ya Mtukufu. Miaka minne iliyofuata walishindana kuhusu futi, pima na mita, na mara moja wakarushiana glasi za maji, ambayo ndiyo siku pekee maji yalipopimwa na idara zote kwa pamoja. Mwaka wa sita Mwenyekiti wetu, Mhandisi Dakta Mbarali Ngwali, akasimama. Maneno yake ninayo, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga chapa muhtasari.

"Waheshimiwa," alisema, "nimefanya utafiti wa kina. Kwa siku arobaini nimevipigia vituo vyote na kuviuliza habari za bahari. Je, kipo kilichoanza na futi? Hakuna. Kipo kilichoanza na mita? Hakuna. Vyote, nasema vyote, vilianza na neno moja. Waheshimiwa, kipimo cha taifa tunacho. Tulizaliwa nacho."

Wakurugenzi walisimama wakapiga makofi, na wa Uvuvi alifuta machozi. Mfumo ukajengwa juu ya neno hilo. Nikapewa daftari kubwa lenye tarehe, jina la kituo, na nafasi ya neno moja. Kila siku saa tatu asubuhi naviita vituo kwa redio, nauliza, naandika njema, na saa nne taarifa inakwenda Ikulu. Wataalamu wa nje walikuja kutustaajabia. Walisema hawajapata kuona takwimu zisizo na pengo wala kosa namna ile, na tukawapa zawadi ya mikeka.

Ila haikusahaulika, maana Serikali si katili. Ilichapishwa Fomu ya Ila, ya rangi ya manjano, isiyozidi maneno kumi na mawili, ambayo sharti itiwe sahihi na wakurugenzi wote watano ndipo ipelekwe mbele. Tangu tuanze, hakuna ila iliyowahi kupata sahihi zaidi ya mbili. Na kituo kisipojibu redio, Kanuni ya Nne inasema kihesabiwe kwamba hakina la kulalamikia, kiandikwe njema.

Aliyekuwa karani kabla yangu, Mzee Vuai, aliandika ila ndani ya daftari. Aliandika hiyo moja tu, kwamba maji yamepanda kuliko kawaida. Siku ya pili ilikuja gari, akasomewa barua ya uhamisho: anahamishiwa Boya Namba Saba. Maboya yetu, kama nilivyosema, ni sita. Alishuka ngazi akiwa ameshika mswaki wake, na sisi wote tukamtakia safari njema. Kikombe chake bado kiko dirishani. Sijawahi kukiosha, sijawahi kukihamisha.

*

Kati ya vituo vyetu, cha mbali kabisa ni Kisiwa cha Nyuma. Huko alikuwako Bi. Mize Khatibu, msomaji wa nguzo ya kipimo kwa miaka ishirini na miwili, peke yake na kuku wake na redio. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, kwa sauti tu, maana tulionana ana kwa ana mara mbili. Kila asubuhi ilikuwa hivi.

"Shikamoo Bi. Mize."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Habari za bahari?"

"Njema. Na Riziki hajambo?"

Riziki ni binti yangu. Ana miaka tisa na hana mama.

"Hajambo, Bi. Mize."

Hapo angenyamaza, na mimi ningenyamaza, na redio ingekwaruza. Alikuwa anasubiri. Katika Serikali nzima, mtu aliyebaki anayesubiri neno la pili alikuwa yule mwanamke kwenye kile kisiwa.

"Ila anakohoa," ningesema.

"Mpe tangawizi. Na mimi nina ila. Maji yamekula ngazi ya tatu. Sikwambii uandike, nakwambia ujue."

Niliijua kila ila yake na sikuandika hata moja. Nilikuwa na mtoto wa kulea, na kikombe kile dirishani kilikuwa kinanitazama.

*

Siku ya uzinduzi rasmi ilipofika, jukwaa lilijengwa ufukweni Mchangani, mbele ya ofisi yetu. Mtukufu Rais na wakurugenzi watano walikaa wakiitazama bahari, ambayo siku hiyo ingetangazwa kuwa moja. Nyuma yao palikuwa na mahema ya wageni na wananchi, kisha barabara, na nyuma ya barabara kilima chenye mnara wa taa. Wanafunzi mia na sitini wa Shule ya Mchangani walipangwa ukingoni mwa maji, mistari mitano, kila mstari na rangi ya idara yake, nyuso zao kwa Rais na migongo kwa bahari. Ratiba ilisema hivi, naikumbuka neno kwa neno: "Watoto watasimama pale maji yanapoanza." Riziki alikuwa mstari wa buluu, wa Jeshi la Majini, wa tatu kutoka kushoto. Asubuhi nilimfunga utepe mwenyewe na akaniambia nimemfunga vibaya.

Mimi nilibaki ofisini, ghorofa ya pili, kwa sababu bahari huulizwa hali hata siku ya sherehe. Saa tatu kamili niliita.

"Shikamoo Bi. Mize."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uliza upesi."

"Habari za bahari?"

"Njema, ila sikiliza, Faki, usinikatize. Alfajiri ardhi imetikisika, vikombe vimelia kabatini. Sasa hivi maji yamekimbia. Nguzo imesimama pakavu mpaka kwenye shina lake. Miaka ishirini na miwili sijawahi kuliona shina la nguzo hii. Lina kutu nyekundu."

"Yamekimbia kwenda wapi?"

"Nje. Nayo yatarudi, na hayatarudi taratibu. Nimekaa nayapigia hesabu. Kwenu yatafika kwa dakika hamsini, yakichelewa sana saa moja. Watu wako wapi leo?"

Nilitazama dirishani, juu ya kikombe cha Mzee Vuai. Nikaziona zile rangi tano.

"Wako ufukweni," nikasema. "Wote."

"Na Riziki?"

Redio ikakwaruza, naye akangoja kama alivyozoea.

"Basi fanya la kufanya, mwanangu," akasema. "Mimi napanda juu ya tangi la maji."

Sasa nitawaambia nilichofanya, na naomba msinicheke. Nilichukua kalamu nikaandika: Kisiwa cha Nyuma, njema. Mkono ulikuwa wangu, na uliandika wenyewe. Kisha nikatoa Fomu ya Ila mezani, maana nilikuwa mtumishi mwenye utaratibu, na nikahesabu maneno yasizidi kumi na mawili: "Maji yamekimbia kisiwani. Yatarudi kwa nguvu baada ya dakika hamsini. Ondoeni watoto." Ni kumi na mawili kamili. Nilifurahi kwamba hakuna lililozidi. Mtu akiogopa sana hufurahia vitu vya ajabu.

*

Nilikimbia nikiwa na redio ya mkononi kiunoni. Nilipofika jukwaani nikapiga magoti, kwa sababu karani wa daraja la tisa haruhusiwi kuonekana kichwa chake mbele ya Mtukufu, na nikaanza kutambaa nyuma ya viti. Bahati nzuri wakurugenzi wote watano walikuwa wamekaa mstari mmoja. Nilikadiria dakika mbili kwa watano wote.

Wa Bandari alivaa miwani. "Yamekimbia," alisoma. "Bahari ya nchi huru haikimbii. Andika yamesogea." Nikaandika. Akatia sahihi.

Wa Uvuvi alitaka ijulikane yamesogea pima ngapi. Nilimwambia sijui. Akanyoosha mikono yake kidogo, akamgonga wa Hali ya Hewa shavuni, wakaanza kunong'onezana vibaya. Dakika sita zikapita. Nilikuwa nikiona miguu ya watoto kupitia katikati ya viti, nikitafuta viatu vya Riziki.

Wa Hali ya Hewa alisema neno nguvu ni la kisiasa. Nikalifuta. Wa Jeshi la Majini alisema dakika hamsini ni siri ya ulinzi, adui akizipata itakuwaje. Nikazifuta. Nikamwambia, kwa sauti niliyodhani ni ya kunong'ona, kwamba sasa zimebaki kama ishirini na tano.

"Hizo nazo ni siri," akasema, na akatia sahihi.

Wa Utalii alikuwa hana kalamu. Alipopewa, alitazama baharini kabla ya kusaini, na hapo ndipo nilipogeuka na mimi nikatazama.

Maji yalikuwa yakiondoka. Yalikwenda bila kelele, kama mtu anayevuta shuka kitandani polepole asimwamshe mwenzake. Mchanga uliachwa ukimeta, kisha mawe ambayo hatujawahi kuyaona, kisha samaki wakirukaruka kwenye madimbwi. Maboya yetu mapya yalilala ubavu, yote sita. Jukwaa zima liliona. Hakuna aliyesema neno, maana lilikuwa ni jambo ambalo Mtukufu hajalisemea.

Mshereheshaji ndiye aliyetuokoa na ule ukimya. "Mtukufu Rais," alinguruma kwenye kipaza sauti, "tazama heshima hiyo. Bahari yenyewe imekupisha. Imerudi nyuma hatua mia mbili, na bado inarudi."

Makofi yalipigwa mpaka mahema yakatikisika. Mtukufu akapunga mkono kuielekea bahari, kuishukuru.

Nilijikuta napiga makofi na mimi. Nilikuwa nimepiga magoti, fomu imebanwa kwapani, machozi yananitoka, na napiga makofi. Kisha nikamwona Mkuu wa Itifaki akishuka na ratiba mkononi. Alikuwa amegundua dosari. Ratiba ilisema watoto wasimame pale maji yanapoanza, na maji sasa yalikuwa yanaanza mbali sana. Alimnong'oneza mwalimu wao, Mwalimu Asumini, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. Mwalimu akapiga filimbi. Mistari mitano ikageuka nyuma, ikaanza kuyafuata maji, huku ikiimba, ikikanyaga ardhi ambayo jana ilikuwa sakafu ya bahari. Mtoto mmoja wa mstari wa kijani aliinama akaokota kombe. Nilimwona Riziki anaondoka, utepe wake unaning'inia.

*

Wa Utalii alisaini. Kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa, ila ilipata sahihi tano. Ilisomeka hivi: "Maji yamesogea kisiwani. Yatarudi. Ondoeni."

Neno watoto alilifuta wa Utalii, kwamba linatia hofu.

Fomu ilipita mkono kwa mkono mpaka kwa Mtukufu. Aliisoma, na lazima niseme ukweli, aliielewa papo hapo, haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alimwinamia mlinzi wake. Magari yakawashwa. Mshereheshaji akatangaza kwamba Mtukufu na ujumbe wake wanaelekea kwenye shughuli nyingine ya kitaifa, juu ya kilima, na kwamba wananchi kwa mujibu wa utaratibu watabaki walipo hadi msafara utakapotoweka machoni. Polisi wakafunga barabara kwa kamba. Wakurugenzi waliingia garini kwa mpangilio wa vyeo, na wa Bandari na wa Uvuvi walisukumana mlangoni kuhusu nani mkubwa.

Hivyo ndivyo mfumo ulivyofanya kazi. Naomba muielewe hofu yangu ya wakati ule. Nilikuwa nimetimiza wajibu wangu wote. Fomu ilikuwa imefika mwisho wa safari yake. Sikuwa na kanuni nyingine ya kufuata, na mbele yangu palikuwa na watoto mia na sitini wanaimba kwenye sakafu ya bahari.

Redio ikakwaruza kiunoni.

"Faki. Waondoe watoto."

Hakungoja shikamoo yangu, wala hakusema njema, wala ila. Miaka yote ile sauti ile haikuwahi kuniingia bila salamu. Nyuma yake nikasikia kitu, kama mtu anaburuta kabati kubwa kwenye sakafu ya saruji, likija, halikomi. Kuku walilia mara moja. Kisha redio ikawa kimya, na haikukwaruza tena.

Nikainuka. Nilisimama wima kabisa juu ya jukwaa, kichwa changu kikionekana na watu wote, nikaruka chini nikakimbia kuelekea baharini.

*

Mchanga wa chini ya bahari ni mzito, unashika miguu. Nilianguka mara tatu. Nilifika mbele ya Mwalimu Asumini pumzi zimeniishia. Yeye ni mwanamke wa adabu kupita kiasi. Kwake hata mzazi aliyekuja kugombana huanza na habari za nyumbani, za kazi na za wazee. Alinitazama akisubiri.

"Ondoa watoto," nikasema.

Uso wake ulikunjamana kwanza kwa hasira. Akafungua mdomo kunikaripia, kwamba mimi ni mtu wa namna gani, nisiye na hata salamu. Halafu nikaona hasira ikimtoka na kitu kingine kikiingia. Nadhani alikumbuka kwamba katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumjia bila salamu, na akajiuliza ni jambo gani linaloweza kumfanya mtu wa kwetu aisahau. Hakuuliza. Hakugeuka hata kutazama nyuma. Akaweka filimbi mdomoni, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mlimani," alisema. "Msipange mistari."

Watoto walisita kwa hilo la mistari, hawakuwahi kuambiwa. Kisha wakakimbia. Rangi tano zikachanganyika, na ndiyo mara pekee nilipoziona idara zetu zikienda upande mmoja. Nilimshika Riziki mkono mmoja na mtoto mwingine nisiyemjua mkono wa pili.

"Baba, umenifunga utepe vibaya, umefunguka," alisema.

"Kimbia."

Kwenye barabara kulikuwa na askari na kamba yake. "Imefungwa," alisema. "Msafara bado unaonekana."

Ni kweli ulikuwa unaonekana, katikati ya kilima, taa zikiwaka mchana. Watoto walipita chini ya kamba kwa kuwa ni wafupi. Mwalimu Asumini aliikata kwa uzito wake. Watu wa kwenye mahema walipowaona watoto wanakimbia, wengi waliinuka wakakimbia nao. Wengi, si wote. Wapo waliobaki wakisubiri msafara utoweke, kama walivyoambiwa, na wengine walikuwa wananyoosheana vidole vya lawama kwamba nani ameanza fujo.

Nilisikia lile kabati linaburutwa. Sikutazama nyuma mpaka tulipofika chini ya mnara. Nilipotazama, Mchangani hapakuwapo. Paa la hema la wageni waalikwa lilikuwa linapita mahali ilipokuwa ghorofa yetu ya kwanza, na maji yalikuwa rangi ya chai.

Mwalimu Asumini alihesabu watoto. Alihesabu mara nne. Mia na sitini. Alikaa chini juu ya jiwe, akajifunika uso kwa mtandio, na baada ya muda mrefu akaniambia, "Habari za asubuhi, Baba Riziki."

"Njema," nikamjibu. Hatukusema ila. Ilikuwa chini yetu, tunaiona.

*

Iliundwa Tume ya Kuthibitisha Kwamba Mfumo Ulifanya Kazi, nayo ilithibitisha. Onyo lilitoka kisiwani, likafuata ngazi zote, likapata sahihi tano, na wote waliolisoma walinusurika. Dakta Ngwali alipewa nishani. Waliobaki kwenye mahema hawamo kwenye ripoti, kwa sababu hakuna fomu iliyojazwa juu yao. Kwa kuwa ghorofa ya pili haikuondoka, nilirudishwa kazini na daftari langu, lililolowa pembeni tu. Kikombe cha Mzee Vuai kilikutwa pale pale dirishani.

Kila asubuhi saa tatu niliita vituo. Nilipofika Kisiwa cha Nyuma niliita mara tatu, nikasubiri, nikasikia kimya. Kanuni ya Nne inajulikana. Nikaandika njema. Niliandika hivyo siku thelathini na tisa.

Jana alikuja ofisini mdogo wake Bi. Mize, anaitwa Bi. Kazija, mwanamke mwembamba mwenye kanga nyeusi. Alikuwa ametoka kwa msajili wa vifo kuomba cheti, ili jamaa wakubali kukaa matanga. Kisiwani hakukupatikana mwili, wala tangi, wala nguzo. Msajili alimwambia haiwezekani. Alimfungulia nakala ya taarifa zinazopelekwa Ikulu na kumwonyesha kwamba Kisiwa cha Nyuma kinaripoti kila siku, na kinaripoti njema. Mtu anayeripoti hawezi kuzikwa.

Bi. Kazija aliweka nakala ile juu ya meza yangu, akaweka kidole juu ya safu nzima ya maneno.

"Huu mwandiko wa nani?" akauliza.

"Wangu," nikasema.

Alinitazama. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru. Alikusanya karatasi yake, akashuka ngazi, hakuaga.

Jana sikula. Riziki aliniuliza habari za kazi, nikamwambia njema, na mtoto yule akanyamaza akinitazama usoni, akisubiri. Sijui amejifunza wapi. Nilitoka nje nikalia karibu na choo.

Leo asubuhi, saa tatu kamili, nimeita Kisiwa cha Nyuma. Nimesema shikamoo. Nimesubiri kuliko Kanuni inavyoruhusu. Kisha nikachukua kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikaanza na neno la pili. Nimeandika: ila Bi. Mize amekufa, alituambia tukamsikia. Maneno hayakuenea kwenye nafasi yake, yamevuka mstari mpaka kwenye vituo vingine. Nimetia sahihi moja, yangu. Saa nne taarifa imekwenda Ikulu.

Riziki nimempeleka kwa Mwalimu Asumini, na nguo zake. Mwalimu alinipokea mlangoni, na sikumsalimu, akaelewa. Sasa nimekaa mezani. Nimekiosha kikombe cha Mzee Vuai na kukigeuza kikauke, mswaki wangu uko mfukoni, na gari limeshasimama chini.